Tundu Ulilolipima Peke Yako

Baba yangu uliyelala Makere,

Wiki saba zimepita tangu tukuzike, na bado sijalia. Naanza na hilo ili ulisikie kwangu, kabla Mama hajanisemea kwako katika maombi yake ya asubuhi. Siku ya mazishi nilipanga viti, nikapokea sufuria za kuazima, nikawaonyesha wanakwaya mahali pa kusimama. Shangazi alinishika bega akasema nilie, nitapata nafuu. Nikaitikia ndiyo, Shangazi, halafu nikaenda kutazama kama maharage yameiva. Tangu siku hiyo naamka, nakunywa chai, nafungua karakana, naifunga. Mtu akiniuliza nilikula nini mchana, naenda kutazama sufuria.

Watu wanadhani ni ujasiri. Si ujasiri, Baba. Ni kama mkono ulioulalia ukafa ganzi: upo, unauona, lakini huusikii.

Barua hii naiacha wazi asome atakaye, kwa sababu ndani yake kuna jambo la kazi, na wanaotuletea mashine hapa Kasulu wana haki ya kulijua. Lakini ninayesema naye ni wewe.

Unakumbuka nilivyoingia karakana? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu ulisema tusiyasimulie kanisani. Kaka zangu wawili walikwisha kuukimbia moshi wa kuchomelea, mmoja kwenye bodaboda, mwingine kwenye mihogo. Ukaniambia, "Wewe una macho. Njoo unisomee." Nilidhani nitakusomea barua za wateja. Kumbe ni maikromita, kipimo cha vyuma.

Kazi yetu haina maelezo marefu. Mkono wa ekskaveta umeungwa kwa pini nene, na pini hiyo inazunguka ndani ya bushi, kibomba kifupi cha chuma kilichobanwa ndani ya tundu la sikio la mkono huo. Dereva akisahau grisi, bushi inalika, kisha tundu lenyewe linalika mpaka linakuwa na umbo la yai. Hapo ndipo tunapoitwa. Tunalijaza tundu kwa kuchomelea, tunalikwangua upya mpaka liwe duara, halafu tunakereza bushi mpya iliyo kubwa kidogo kuliko tundu. Watu walikuwa wakishangaa wakisikia hivyo, wanauliza kubwa itaingiaje ndani ya ndogo. Wewe ulikuwa ukinyofoa unywele mmoja kichwani, enzi ulipokuwa nazo, ukawaonyesha. "Inazidi kwa huu," ulisema. "Ikizidi kwa miwili, inapasua sikio la mashine. Isipozidi kabisa, itazunguka na pini na kulila tundu." Baadaye ulipoanza upara ukawa unanyofoa za kwangu, bila kuomba.

Ulinifundisha kwamba tundu halipimwi mara moja. Linapimwa mdomoni, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, ya pili ikiikata ya kwanza. "Piga msalaba, mwana wanje," yaani mwanangu, ulikuwa ukisema kwa kile Kiswahili chako ulichotoka nacho kambini Kibondo, nusu yake lugha ya nyumbani. Wateja wapya walidhani tunaanza na sala. Na chuma cha moto hakipimwi kamwe. Ukishachomelea unaliacha tundu lipoe mpaka kesho yake, maana chuma cha moto kimevimba na kitakupa namba ya uongo. Wateja waligomba, mashine yao imelala na barabara inasubiri. Ukawaambia waende wakanywe chai, warudi kesho. Wengine waliinywa hiyo chai kwa mafundi wengine, na hawakurudi.

Bushi ikishakerezwa ilipelekwa ng'ambo ya barabara, kwenye friza la Mama Zuhura anayeuza soda na barafu za ubuyu, kwa sababu chuma kikipigwa na baridi kali kinasinyaa. Ulikuwa unaifunga kwa kitambaa safi na mfuko juu yake, maana yule mama wa Tanga ana masharti yake. "Mzee wangu," alikuwa akisema, "hicho chuma chako kisije kikanukia mafuta kwenye ubuyu wangu, wateja watanihama." Mwezi wa Ramadhani friza lilijaa maji na juisi za futari, na kazi zote zilizohitaji baridi zikasubiri. Hukuwahi kulalamika. Bushi ikishalala humo usiku kucha, kesho yake tulivuka barabara mbio, inafuka baridi mikononi, na sikio la mashine limekwisha pashwa moto kwa gesi. Ukaiweka kwenye mdomo wa tundu, ukaisukuma kwa kiganja, ikaenda yenyewe. Nyundo ilikuwa ya kuagana nayo tu.

Nimeyaandika haya yote na naona kwamba nayakumbuka vizuri. Siyasikii, lakini nayakumbuka.

Sasa nikukumbushe siku moja ambayo najua hukuisahau. Mwaka wangu wa kwanza nilikwangua tundu la greda likapita kipimo. Niliogopa. Nikakata kipande cha kopo la mafuta ya kupikia, nikakizungusha kwenye bushi, nikaigonga ikaingia ikabana vizuri kabisa. Nikajiona mjanja. Wewe uliitazama, ukaona ukingo wa bati unang'aa, ukaitoa bushi yote mbele ya mwenye greda na madereva wake. Ukalinyanyua lile bati juu ili kila mtu alione. "Bushi haivai shati," ulisema. Hukupaza sauti. Ukanirudisha kuchomelea upya, kupoza upya, kukwangua upya, na siku zile zote hukuniita mwana wanje. Nilikuchukia kama siku tatu. Halafu ile greda ikafanya kazi misimu na misimu bila kucheza, na mwenyewe akawa analeta wenzake.

Kwa hiyo tangu hapo sijawahi kuweka bati kwenye tundu, na kila nilipoona fundi mwingine ameweka nilimdharau. Niliipata kwako hiyo dharau.

Macho yako yalipoanza kupotea mimi ndiye niliyejua wa kwanza. Ulikuwa ukiigeuzageuza maikromita dirishani kutafuta mwanga, kisha unanisogezea kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. "Soma," ulisema. Nikasoma. Wewe ukakata. Mama alikuomba uende hospitali wakakutoe huo mtoto wa jicho, ukasema baada ya mavuno, na mavuno yakapita mara mbili. Tulikwenda hivyo muda mrefu, mimi macho, wewe mikono, na hakuna mteja aliyejua. Ingeweza kuendelea.

Ndipo akaja Festo. Kwa asiyemjua, Festo ni mtu wa Kibondo, dereva wa ekskaveta inayochimba mitaro ya barabara, mwenye maneno mengi na kofia ya pamba hata juani. Mkono wa mashine yake ulikuwa unacheza. Siku ile ulitaka kupima mwenyewe, sijui kwa nini, labda kwa sababu alikuwa mgeni na alikuwa amesifu kazi zako sana. Ulikaa na ile maikromita dirishani, ukaigeuza, ukaigeuza tena. Mimi nilikuwa nimechoka, nina safari ya Kitahana ya kutengeneza greda, nataka tumalize. Nikasema kwa sauti, mbele yake, "Baba, wewe huoni tena. Lete hapa."

Festo alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua atazame wapi. Wewe ulinipa maikromita. Nikasoma namba, ukasema "ego", ndiyo yako ya nyumbani, ukaenda kuosha mikono ambayo haikuwa michafu.

Siku ya tatu yake nikaenda Kitahana, nikakaa wiki mbili. Niliporudi uwanja ulikuwa mtupu, ekskaveta ya Festo imeondoka. Nikajua umeimaliza bila mimi. Tukakaa pamoja siku kumi na moja ndani ya karakana moja, tukisalimiana na kupeana spana. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, ukiwa unafunga kamba za buti pale nyumbani, presha ikakuchukua. Mama anasema hukusema neno.

Sasa sikiliza lililotokea wiki iliyopita.

Festo alirudi. Alishuka, akanipa pole ya msiba kwa adabu zote, akavua hata kofia, kisha akasema, "Dada fundi, mkono unacheza tena, ngoma imekuwa balaa." Nikamwambia aiegeshe. Nikagonga pini, ikatoka. Bushi ilifuata pini kama kifuniko cha sufuria, nikaitoa kwa vidole. Na kwenye bushi kulikuwa na bati.

Lilikuwa limekunjamana na kuchanika, lakini nililitambua. Kopo la mafuta ya msaada, yale makopo tuliyokuwa nayo tele nyumbani tangu enzi za kambi, ambayo Mama bado anawekea chumvi. Maandishi yake yalikuwa yanaonekana kwa ndani. Ulikata pembe zake kwa ustadi, ukapiga ukingo wake tupa usikwaruze. Mimi nilipoweka langu miaka ile sikupiga tupa.

Nilikasirika, Baba. Nakuambia bila kuficha, hasira ndiyo kitu cha kwanza nilichokisikia tangu nikuzike. Nilikaa chini ya ule mkono wa mashine na bati lako mkononi, nikasema maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Ulininyanyulia langu juu watu walione. La kwako umeliingiza ndani kimya, ukakaa nami siku kumi na moja, ukafa.

Halafu nikapima, kwa sababu mikono yangu haijui kufanya kitu kingine. Nililipima tundu chini kabisa, ambako bushi haikufika na chuma hakijalika. Namba tuliyokubaliana kabla sijaondoka ilikuwa milimita tisini. Nilipata tisini na nusu. Nikapiga msalaba, nikapata tisini na nusu. Nikapima bati: robo milimita. Robo huku na robo huku ni nusu, hesabu ya darasa la nne.

Hapo nikaelewa. Maikromita inazunguka mara mbili kwa kila milimita moja, na mzunguko wa pili unautambua kwa kistari kidogo cha chini, chembamba kama jani la nyasi changa. Asiyekiona kile kistari anasoma tisini palipo na tisini na nusu. Hukuwa mvivu. Hukuharakisha. Ulikwangua taratibu, ukapima, ukaona bado, ukakwangua, mpaka macho yako yakakuambia tisini, na yalikuwa yanakudanganya; ukalijua hilo bushi ilipoingia bila kubana. Kile kistari ndicho nilichokuwa nakusomea mimi.

Sijui nilikaa pale muda gani. Festo alikuwa ng'ambo anakunywa soda kwa Mama Zuhura.

Nikuambie nilichotaka kufanya. Nilitaka kulitupa lile bati kwenye pipa la vyuma chakavu, nimwite Festo, nimwambie, "Hukuweka grisi." Neno hilo halishindwi. Hakuna dereva duniani anayeweka grisi ya kutosha, na kila dereva anajua hivyo; ukimwambia anainamisha kichwa na kuomba radhi. Jina lako lingebaki zima. Wale wa chai ya kwa mafundi wengine wasingepata la kusema. Na Festo angelibeba kosa hilo mpaka kwa bosi wake, angefukuzwa au asingefukuzwa, mimi nisingejua. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Akarudi, akaniona na bati mkononi. Ilikuwa imechelewa kulificha, au mimi nilichelewa kwa makusudi, sina hakika. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikamwambia, "Festo, kosa ni la hapa kwetu. Baba alilikosea tundu, akaweka bati. Na alilikosea kwa sababu mimi nilimwaibisha mbele yako, akaona aibu kuniomba nimsomee, na hakutaka kuningoja."

Festo aliizungusha kofia yake mikononi.

"Dada, hilo bati nalijua," akasema. "Mzee alinionyesha kabla hajaliweka."

Nikamwambia arudie.

"Aliniita hapa hapa uliposimama. Akaniambia, 'Festo, kazi hii nimeikosa, macho yamenitupa. Nakuvisha hili shati la wiki mbili tu, usogeze kazi yako, mvua zisikukute. Binti yangu akitoka Kitahana, lete mashine, ataisoma yeye, tutaifanya upya.'"

"Na hukuleta."

"Bosi alikaza. Mitaro ya Kagerankanda ilikuwa haijaisha, akasema mashine haiondoki. Nikampigia Mzee kumwomba radhi. Akasema hamna neno, niilete nikipata nafasi." Akairudisha kofia kichwani. "Nikamuuliza, vipi, dada ameshajua? Akasema, 'Bado hajaniuliza.'"

Tuliifanya kazi upya. Nilijaza tundu, nikaliacha likapoa mpaka kesho yake, nikalikwangua, nikajisomea mwenyewe. Mama Zuhura alitoa soda zake nusu ili bushi ipate mahali, na hakutaja harufu ya mafuta. Mkono wa mashine haupigi kelele sasa. Bosi wa Festo nimempigia mwenyewe nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, na alikasirika, na ana haki. Akitaka kupeleka mashine zake kwingine, apeleke. Wengine wanaoisoma barua hii, kama mna kazi iliyopita mikononi mwa Baba katika miezi yake ya mwisho, leteni niipime. Sitawauliza habari za grisi.

Lakini siku zile kumi na moja sizimalizi. Nazirudia moja moja. Siku ya kwanza ulinisalimia, ukaniuliza habari za Kitahana, nikasema nzuri, nikaenda kubadilisha nguo. Nilikuwa nimeuona uwanja mtupu na nilikuwa nimekasirika kwamba uliweza bila mimi. Kulikuwa na siku uliifuta maikromita kwa kitambaa, ukaiweka juu ya meza yangu, si kwenye kasha lake. Nilidhani unapanga vitu. Kulikuwa na siku ulivuta kigoda ukakaa karibu nami nikikereza pini ya trekta, ukakaa muda mrefu, na mimi nikaongeza mwendo wa mashine ili kelele itoshe tusizungumze. Nilikuwa nangoja wewe uniambie kwamba ulinihitaji. Wewe ulikwisha kumwambia Festo, aliye mgeni, na ungeniambia mimi pia kama ningefungua mdomo. Sikuhitaji hata kuomba radhi. Nilihitaji kuuliza habari za kazi, kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake akitoka safari.

Sijalia hata baada ya hapo. Mama anasema machozi yatakuja yenyewe, nisiyavizie. Labda. Anakusalimu; mvua imeanza huko Makere na amepanda maharage mpaka karibu na ulipolala, anasema hukuwahi kupenda ardhi ikae bure.

Buriani, Data, baba yangu. Pumzisha macho. Kabla sijafunga barua hii, acha nikuulize lile ambalo nilikuwa na siku kumi na moja za kuliuliza: ile kazi ya Festo, ulipokuwa peke yako, ilikwendaje?

Mimi,
mwanao wa kike